Kisima cha Ngazi Mbili: Majibu Kuhusu Mji wa Orvieto

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni mtu wa Langoni, hapa Lamu, na kazi ya nyumbani kwetu tangu enzi za babu ni punda: twabeba mchanga, mawe, saruji na madumu ya maji kutoka gatini hadi milangoni pa watu. Mwezi uliopita nilimpelekea mizigo mama mmoja wa Kiitaliano aliyepanga nyumba Shela. Alipoona punda wawili wamekutana uchochoroni, mmoja akirudishwa nyuma ili mwenziwe apite, akanieleza kwamba kwao, katika mji uitwao Orvieto, kuna kisima ambacho punda walikuwa wakishuka kwa ngazi moja na kupanda kwa nyingine bila kukutana hata mara moja. Wenzangu barazani wanasema nilitaniwa. Je, ni kweli? Nani alikichimba kisima hicho, na kwa nini watu wajenge mji mahali pasipo na maji?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Hukutaniwa. Kisima hicho kipo hadi leo, watu hulipa kiingilio ili wakiteremke, na kila alichokueleza mama yule ni sahihi. Nimefurahi kwamba swali hili limeletwa na mtu wa punda, kwa kuwa waandishi wengi wa habari za utalii hukitaja kisima hicho kama ajabu ya kupigia picha tu, ilhali ni kazi ya mjenzi aliyekaa akafikiri juu ya mnyama aliyebeba mzigo na njia atakayopita.

Yakupasa kwanza uuone mji wenyewe ulivyokaa. Orvieto uko katika jimbo la Umbria, katikati ya Italia, kwenye njia ya reli itokayo Roma kwenda Florence. Umejengwa juu ya mwamba mmoja mpana, bapa juu na wima kando, uliosimama peke yake katikati ya bonde kama jahazi lililopwelewa. Mwamba huo ni jivu la volkano lililotemwa yapata miaka 300,000 iliyopita, likashikamana likawa jiwe ambalo Waitaliano huliita tufo. Watu wa kale waliona haraka faida ya mahali hapo, kwani mji uliozungukwa na magenge yanayofikia mita 50 hivi hauhitaji ukuta mwingine, na adui akija huonekana akiwa bado mbali bondeni.

Lakini jiwe hilo lina vinyweleo. Maji ya mvua hulipenya na kushuka mpaka yafikie tabaka la udongo wa mfinyanzi lililo chini yake, na hapo ndipo huzuilika na kutokea kuwa chemchemi, zikiwa chini kwenye miguu ya mwamba. Wewe wa Lamu utalielewa jambo hili kuliko wengi, maana maji yetu matamu nasi huyapata kwa namna inayofanana na hiyo: mvua hupenya katika vilima vya mchanga vya Shela, ikajilimbikiza juu ya maji ya chumvi ambayo ni mazito zaidi, na visima vikayateka hapo. Tofauti ni kwamba Shela mtu huchimba mchanga kidogo akayafikia, ambapo huko Orvieto maji yako makumi ya mita chini ya nyayo za wakaaji, na adui akiizingira miguu ya mwamba huwa amezishika chemchemi zote. Ngome ile ilikuwa haiingiliki kwa upanga, ila ingeweza kuangushwa na kiu.

Waetruski, ambao walikuwa wenyeji wa mwamba huo kabla ya Warumi na waliouita mji wao Velzna, walilijua tatizo hilo. Walichimba mashimo membamba ya pembe nne kwenda chini, na kandokando wakachonga vitundu vya kutia vidole vya miguu ili mtu aweze kushuka na kupanda akijikaza kuta mbili. Mashimo hayo yangali yanaonekana. Mwaka 264 kabla ya Kristo Warumi waliuteka mji, wakauvunja, na waliosalia wakahamishiwa kando ya ziwa la Bolsena. Mwamba ukaja kukaliwa upya baadaye, na kufikia karne ya 13 ulikuwa mji wenye nguvu ambao mapapa wa Kanisa Katoliki waliukimbilia kila Roma ilipochafuka.

Na hapo ndipo kisima chako kinapoingia. Mwezi Mei mwaka 1527, askari wa Mfalme Mkuu Charles V, ambao walikuwa hawajalipwa mishahara yao, waliivamia Roma na kuipora vibaya sana. Papa Clement VII alijifungia ndani ya ngome ya Castel Sant'Angelo kwa miezi kadhaa, kisha mwezi Desemba akatoroka na kukimbilia Orvieto. (Ni huko huko ambako mwaka 1528 wajumbe wa Henry VIII wa Uingereza walimfuata, wakitaka ndoa ya mfalme wao ivunjwe.) Mtu aliyetoka kuzingirwa hawezi kusahau habari ya maji. Papa aliagiza kichimbwe kisima karibu na ngome ya Albornoz iliyo ukingoni mwa mji, na kazi hiyo akampa mjenzi wa Florence aitwaye Antonio da Sangallo, yule mdogo, kwani alikuwapo mjomba wake mwenye jina hilo hilo.

Sangallo angeweza kuchimba shimo jembamba na kuweka kamba na ndoo. Lakini kisima chenye kina cha mita 53 hivi hakiwezi kuutosheleza mji mzima kwa ndoo moja moja. Ilibidi wanyama wenyewe, punda na baghala, wayafuate maji hadi chini na kurudi nayo juu. Mnyama huhitaji njia ya mteremko wa pole na nafasi ya kupita pamoja na shogi zake, na akikutana na mwenzake katika njia nyembamba, mmoja hana budi kurudi nyuma, kama ulivyomwona punda wako siku ile. Sangallo akachimba shimo la duara lenye upana wa mita 13 hivi, na katika unene wake, kuzunguka uwazi wa katikati, akajenga njia mbili za ngazi zinazozunguka pamoja, moja juu ya nyingine, kama nyuzi mbili zilizosokotwa kuwa kamba moja. Kila njia ina mlango wake, na milango hiyo imeelekeana pande mbili za kisima. Punda huingia kwa mlango wa kwanza, akateremka akizunguka vidato 248, na chini kabisa hukuta daraja dogo linalokatiza juu ya maji. Hapo hujazwa mizigo yake, akavuka, akashika njia ya pili, akapanda vidato vingine 248 na kutokea upande wa pili wa jengo. Njia hizo mbili haziungani popote isipokuwa kwenye daraja. Vidato vimefanywa vipana na vifupi kwa ajili ya kwato, na mwanga huingia kutoka juu kwa kupitia madirisha yapatayo 70 yanayotazama uwazi wa katikati, hata anayeshuka humwona kwa mbali anayepanda ng'ambo ya pili, asimguse.

Sehemu ya juu ya kisima imechongwa ndani ya tufo, na ya chini, palipo na udongo wa mfinyanzi, imezibwa kwa matofali ili isiporomoke. Clement alifariki mwaka 1534 kabla kazi haijaisha, ikamalizika mwaka 1537 wakati wa Papa Paul III. Penye mlango yamechorwa maneno ya Kilatini ambayo maana yake ni kwamba kile ambacho maumbile yaliinyima ngome, bidii ya watu imekiongeza. Jina linalotumika leo, Pozzo di San Patrizio, yaani Kisima cha Mtakatifu Patrick, lilikuja baadaye kutokana na pango moja la Ireland ambalo Wakristo wa zamani waliliamini kuwa ni mlango wa toharani, yaani mahali pa kutakasia roho za wafu. Kisima chenyewe hakina uhusiano wowote na Ireland.

Hapa Lamu tatizo la punda kukutana twalitatua kwa adabu, mtu akijibanza dakani, mwingine akimshika mnyama wake hatamu mpaka mwenzie apite. Huko lilitatuliwa kwa hesabu za mjenzi. Waambie hivyo wenzako barazani, na kama wangali wanabisha, chukua kamba ya nyuzi mbili uiviringishe kwenye mtungi, kisha uufuate kila uzi kwa kidole.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mama wa Malindi, na Kiitaliano nakijua kwa sababu nimefanya kazi katika nyumba za wageni kwa miaka mingi. Dada yangu ameolewa Roma na nimepata viza ya kumtembelea mwishoni mwa mwaka. Amenipangia siku moja ya kwenda Orvieto kwa treni. Nianzie wapi, na nini nisikikose? Nakuomba uzingatie kwamba goti langu la kushoto linanisumbua.
Msomaji, Malindi

JIBU: Dada yangu, hongera kwa safari. Nitakujibu nikianza na goti, maana ndilo litakaloamua siku yako.

Kutoka stesheni ya Roma Termini treni za kawaida huchukua saa moja na kitu. Utateremkia Orvieto Scalo, ambayo iko chini bondeni, na ng'ambo ya barabara utaona kituo cha gari linalovutwa kwa kebo kupanda mwambani. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1888 na mhandisi Adolfo Cozza, na wakati huo iliendeshwa kwa maji: behewa la juu lilijazwa maji katika tangi lake, likawa zito, likashuka likilivuta la chini kwa kebo moja, kisha likayamwaga maji hayo lilipofika. Ilifungwa mwaka 1970 na kurudishwa mwaka 1990 ikitumia umeme. Ukifika juu utatokea Piazza Cahen, na kisima nilichokieleza hapo juu kiko hatua chache tu kutoka hapo. Usikishuke. Vidato 248 kwenda na 248 kurudi si vya mtu mwenye goti bovu, na ukishaanza huwezi kugeuka katikati, kwani njia ya kushukia si njia ya kupandia. Bustani iliyo ndani ya ngome ya Albornoz iko jirani, tambarare, na kutoka kwenye kuta zake bonde lote huonekana. Kaa hapo upumzike, kisha panda basi dogo linalokwenda hadi mbele ya kanisa kuu.

Kanisa kuu ndilo lisilokoseka, na laiti ningekuwa mimi ningelitengea nusu nzima ya siku. Asili yake ni tukio ambalo Wakatoliki husimulia kwamba lilitokea Bolsena mwaka 1263, wakati padri mmoja wa kutoka Bohemia, aliyekuwa na shaka moyoni, alipoadhimisha misa na mkate ukatoka damu juu ya kitambaa cha altare. Papa Urban IV alikuwa akikaa Orvieto, kitambaa kikaletwa kwake, na mwaka 1264 akiwa huko huko akaiamuru sikukuu ya Mwili wa Kristo iadhimishwe na Kanisa lote. Katika miaka hiyo hiyo Thomas Aquinas, mwanachuoni aliyesoma kwa makini maandishi ya Ibn Sina na Ibn Rushd, alikuwa akifundisha katika mji huo. Jiwe la kwanza la kanisa liliwekwa mwaka 1290 na Papa Nicholas IV. Kuta zake ni mistari ya mawe meusi na meupe, na uso wake wa mbele, ambao mpango wake ni wa Lorenzo Maitani wa Siena, umejaa sanamu na nakshi za vipande vya vioo vya rangi na dhahabu. Uso huo umeelekea machweo, kwa hiyo urudi kuutazama alasiri, jua linapoupiga sawasawa.

Watu wengi huinua shingo kutazama dhahabu ya juu, na huko ni kukosea. Yaliyo bora yako chini, usawa wa macho yako, katika nguzo nne pana za marumaru zilizochongwa karne ya 14: ya kwanza kushoto ina habari za kuumbwa kwa dunia, na ya mwisho kulia ina Siku ya Hukumu. Simama karibu uangalie vidole, mikunjo ya nguo na nyuso za waliohukumiwa. Ndani, upande wa kulia, kuna chumba cha San Brizio. Fra Angelico alianza kukichora mwaka 1447 akakiacha, na Luca Signorelli akaja kukimaliza kati ya mwaka 1499 na 1504. Humo amechora mwisho wa dunia. Mpinga Kristo, ambaye Waislamu humwita Dajali, anahubiri akiwa amesimama juu ya jukwaa, sura yake ikifanana na ya Yesu, na Shetani amemkaribia sikioni akimnong'onezea maneno ya kusema. Ukutani pengine wafu wanajivuta kutoka ardhini kwa mikono, wengine wangali mifupa, wengine wamekwisha kuvaa nyama, na ukiwatazama huoni ngano bali watu waliolala sana wanaojaribu kukumbuka namna ya kusimama. Sijui chumba kingine cha picha kilichonikaa moyoni kama hicho. Pembeni utaona watu wawili wenye mavazi meusi wanaotazama tu: mmoja ni Signorelli mwenyewe na wa pili ni Fra Angelico.

Mnara wa Torre del Moro, wenye mita 47, una lifti inayoishia njiani tu, na kilichobaki ni ngazi, uache. Ziara ya mapangoni, ambayo huanzia karibu na kanisa kuu, ina ngazi chache na vijia vyembamba kiasi, na huenda ukaimudu ukienda polepole. Humo utaona mashimo ya njiwa yaliyochongwa safu kwa safu ukutani: njiwa walitoka kwa dirisha lililo usoni mwa genge, wakajitafutia chakula chao bondeni, wakarudi kulala, na wenye nyumba wakawala. Kwa mji uliohofia kuzingirwa, hiyo ilikuwa mifugo isiyohitaji kulishwa. Mambo mawili ya mwisho: beba koti zito, na kama tarehe yako iko katika siku za mwisho kabisa za Desemba, jiandae kukuta umati, kwani wakati huo hufanyika tamasha kubwa la muziki wa jazi. Na ukikata tiketi ya karatasi ya treni, usisahau kuigonga mhuri kwenye mashine kabla ya kupanda.

SWALI: Mimi ni fundi wa nyumba za mawe hapa Mkomani. Nimesikia kuwa nyumba za Orvieto zimejengwa kwa mawe yaliyochimbwa chini ya mji wenyewe. Je, jiwe hilo ni kama matumbawe yetu, na mji hauporomoki?
Fundi, Lamu

JIBU: Fundi wangu, mawe hayo yanashabihiana katika jambo ambalo mikono yako inalijua: yote mawili ni laini yanapotolewa, hukatika kwa shoka na msumeno, kisha hukazana yakikaa hewani. Asili zao ndizo mbali, moja ni kazi ya viumbe wa baharini na jingine ni jivu la moto. Huko waliongeza jambo ambalo sisi hatukulipata, yaani mchanga wa volkano uitwao pozzolana, ambao ukichanganywa na chokaa hutoa udongo wa kujengea unaoganda hata ndani ya maji. Waliuchimba chini ya nyumba zao pamoja na mawe, wakachimba na maghala ya mvinyo, vinu vya mafuta ya zeituni na matangi, hata leo mapango yanayojulikana chini ya mji huo yamepita 1,200.

Kuhusu kuporomoka, hofu yako ina haki. Kando za mwamba zimekuwa zikimeguka kwa karne nyingi, kwa kuwa jiwe zito limekalia udongo wa mfinyanzi, na udongo huo ukilowa huteleza. Hali ilizidi kuwa mbaya katika karne iliyopita, maji yalipofikishwa majumbani kwa mabomba na kisha mabomba na mifereji ya maji machafu ikavuja ndani ya mwamba. Mwaka 1978 Bunge la Italia lilipitisha sheria maalumu ya kuuokoa mwamba wa Orvieto pamoja na mji jirani wa Todi. Mafundi walipitisha vyuma virefu ndani ya jiwe ili kuzibana nyufa, wakaimarisha paa za mapango yaliyodhoofika, na jambo ambalo kwangu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, wakabadilisha mabomba ya maji safi na machafu ya mji mzima.

Nawe unajua kinachotokea hapa ukuta wa matumbawe unapopigwa lipu ya saruji badala ya chokaa: unyevu hufungiwa ndani, chumvi ikachemka, na jiwe likaoza lipu ikiwa bado nzuri usoni. Huko Orvieto ubaya ulianza vivyo hivyo, kwa maji yasiyoonekana, na ndiyo maana hata baada ya kazi hiyo kubwa kuisha waliacha vipimo mwambani, ambavyo husomwa ili kujua kama ufa wowote umeongezeka.